Kabla Hujasimulia ya Jana kwa Kiingereza

Kabla hujaanza insha ya Kiingereza kuhusu likizo iliyopita, jiulize kwanza kama tukio limekwisha na wakati wake unatajwa. Hapa Kiswahili kinaweza kukuponza. Sisi husema "nimemwona jana" na hakuna anayeshtuka, lakini Kiingereza hakikubali. Ukishaandika "yesterday" au "in 2019", sema "I saw him", si "I have seen him".

Kisha andaa vitenzi vyako. Vya kawaida huongezewa -ed, na nafsi haibadilishi kitu: "I worked", "she worked". Chunga tahajia: "study" huwa "studied", "play" hubaki na y yake, "stop" huongeza p, "stopped". Visivyo vya kawaida havina njia ya mkato ila kuvikariri, lakini usijitwishe orodha nzima. Andika pembeni vile tu ambavyo kisa chako kinavihitaji. Kwa safari ya kijijini, "went", "saw", "bought", "came", "ate" na "took" vitakufikisha mbali. "Put" na "cut" havibadiliki. "Be" ndicho pekee kinachoangalia nafsi: "I was", "we were".

Mtego mkubwa uko pale kisa kinapoanza kutiririka. Kwetu, -li- ikishafungua njia, -ka- hubeba yaliyobaki: "Nilikwenda sokoni, nikanunua samaki, nikarudi." Kiingereza hakina -ka-. Kila kitenzi lazima kionyeshe chenyewe kwamba mambo yamepita: "I went to the market, bought fish and came back." Insha nyingi huanza vizuri na "went", halafu aya ya pili imejaa "buy" na "come", na mwandishi hajui alama zimekatwa wapi. Kwa hiyo, pigia mstari kila kitenzi kabla ya kukabidhi kazi.

Unapokanusha au kuuliza, "did" hubeba wakati na kitenzi hurudi katika umbo lake la asili: "I did not see him", "Did you see him?" Ukiandika "did not saw" umeweka wakati mara mbili, jambo ambalo hata Kiswahili hakifanyi; katika "sikumwona", -ku- moja inatosha. "Was" na "were" hazimhitaji huyo "did": "I was not there."

Kama utasimulia kwa mdomo, -ed huongeza silabi baada ya t au d tu, kama "wanted" na "needed". "Worked" ni silabi moja, mwisho wake t.