Wiki ya darasa bila intaneti: hatua kwa hatua, kwa mfano wa Vita vya Maji Maji

Wiki ni tovuti ambayo wasomaji wake wenyewe huandika na kuhariri kurasa. Kila mwanafunzi akiandika ukurasa wake na kuondoka, umepata insha zilizochapwa kwenye kompyuta. Wiki huanza kufundisha pale mwanafunzi anapoigusa sentensi ya mwenzake na kueleza kwa nini ameibadilisha. Utaratibu huu nautumia sekondari, kwenye somo la Historia ya Tanzania na Maadili.

Hatua ya 1: Andaa kompyuta moja. Natumia DokuWiki, programu ya kutengenezea wiki. Ni ya bure, haihitaji hifadhidata, na kila ukurasa ni faili la maandishi tu. Sakinisha XAMPP (programu inayoigeuza kompyuta kuwa seva), weka folda ya DokuWiki, uliyoiita dokuwiki, ndani ya folda yake ya htdocs, washa Apache (seva yenyewe), kisha kwenye kivinjari fungua localhost/dokuwiki/install.php. Weka nenosiri la msimamizi na uchague mpangilio unaowazuia wasio na akaunti. Ukimaliza, futa faili la install.php.

Kompyuta nyingine na simu zitaingia kupitia ruta ileile iliyounganishwa na kompyuta hii, hata kama haina bando. Kwenye kompyuta yenye wiki fungua Command Prompt, andika ipconfig, chukua namba ya IPv4, mathalani 192.168.1.5, na wanafunzi waandike 192.168.1.5/dokuwiki kwenye kivinjari. Zikigoma, angalia kwanza kama fayawoli ya Windows (kinga inayozuia miunganisho kutoka nje) imeiruhusu Apache.

Hatua ya 2: Kila mwanafunzi na akaunti yake. Kundi likitumia akaunti moja, hutajua nani kaandika nini.

Hatua ya 3: Vunja mada vipande vidogo. Mtu akiwa anahariri, DokuWiki huufunga ukurasa ule kwa wengine, na kufuli linaweza kukaa hadi dakika 15. Ukurasa mmoja wa "Vita vya Maji Maji" utawaacha wengi wakisubiri. Fungua kurasa fupi: kilimo cha lazima cha pamba, kijiji cha Nandete vita vilikoanzia, mganga Kinjekitile Ngwale, chifu Songea Mbano na Wangoni, njaa baada ya vita. Kwenye ukurasa wa mwanzo andika [[Kinjekitile Ngwale]], mabano ya mraba mawilimawili. Kiungo kitakuwa chekundu mpaka mtu aufungue ukurasa na kuandika.

Hatua ya 4: Wafundishe kugusa kazi ya wenzao. Hapa ndipo penye kazi, tenga muda wa kutosha. Watakuambia, "Mwalimu, nitamharibia mwenzangu." Wasihubirie. Fungua ukurasa mbele yao, futa aya nzima, hifadhi, kisha ingia kwenye matoleo ya zamani uirudishe. Wakishaona hakuna kinachopotea, hofu inapungua.

Sasa kila mmoja ahamie ukurasa wa mwingine na kazi moja tu: kuboresha sentensi moja, na kuandika sababu kwenye kisanduku cha muhtasari kilicho chini. Chukua sentensi hii: "Watu walipewa maji wakaamini risasi hazitawadhuru." Msomaji wa kwanza anauliza "nani? wapi?" na kuandika kwamba aliyeigawa dawa ni Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe. Wa pili anaongeza kuwa maji hayo yalichanganywa na mafuta ya mbarika na mtama. Sentensi imekua, na kila mkono unaonekana.

Hatua ya 5: Wakibishana, usikimbilie kuamua. Idadi ya waliokufa kati ya 1905 na 1907 huzua ubishi kila mara. Mmoja ataandika 75,000, mwingine atafuta na kuweka 300,000. Fungua ukurasa mpya wa mjadala na uwaulize: namba hii ameitoa nani, na alikuwa upande gani? Watagundua kuwa 75,000 ni makadirio ya serikali ya Wajerumani, na kwamba mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Zote mbili zibaki kwenye ukurasa, kila moja na mwenyewe. Kwangu mimi, somo hilo linazidi kurasa zote walizoandika.

Hatua ya 6: Toa alama kwa kusoma historia ya ukurasa. Linganisha matoleo mawili, utaona kilichoongezwa na kilichoondolewa. Sihesabu maneno. Aliyerekebisha sentensi tatu za wenzake kwa sababu za maana amefanya kazi kuliko aliyebandika aya ndefu ya kunakili. Wapo pia wanaomtajia mwenzao aliyeshika kibodi maneno ya kuandika. Majina yao yaandikwe kwenye muhtasari.

Hatua ya 7: Hifadhi nakala. Kila Ijumaa nakili folda za data na conf, zilizo ndani ya folda ya DokuWiki, kwenye flashi.

Mkitaka kupeleka kazi Wikipedia ya Kiswahili, fungueni akaunti siku kadhaa kabla, kwani kwa kawaida mtandao mmoja wa shule huruhusiwa akaunti 6 tu kwa siku. Pelekeni yale yenye vitabu vya kuthibitisha. Masimulizi ya mabibi na mababu, Wikipedia haiyapokei mpaka yachapishwe kwingine, kwa hiyo yabaki kwenye wiki ya darasa, yakiwa na tarehe na jina la kijiji yalikosimuliwa.