Kung'arisha vyuma vya pikipiki ya zamani

Vumbi la Arusha na Moshi ni la udongo wa volkano. Ukilifuta kavu juu ya kromu linageuka msasa, kwa hiyo maji yatangulie kitambaa. Injini ikishapoa kabisa, ziba mdomo wa eksozi kwa tambara. Penye oili iliyoganda paka mafuta ya taa kwa brashi ya rangi ya inchi moja, mbali na ngoma za breki, subiri dakika 10, kisha osha kwa maji ya sabuni.

Halafu chukua sumaku ya spika mbovu, pitisha kila mahali. Inaponasa ni chuma, na kikiwa kinang'aa kama kioo kimepigwa kromu. Isiponasa, mara nyingi ni alumini. Usikisie kwa macho, hasa kwenye rimu.

Kromu haitaki msasa hata wa namba 2000. Tabaka lake halifiki sehemu moja ya elfu ya milimita, na chini yake kuna nikeli. Kunja foili ya jikoni ya ukubwa wa kiganja, chovya majini, sugua taratibu. Foili ni laini kuliko kromu, inaondoka na kutu bila kuikwaruza. Ukitoka uji wa kahawia, futa, chukua foili nyingine. Vitundu vyeusi vitakavyobaki ni mahali kromu imeshatoboka. Hapo dawa ni kupigwa kromu upya.

Kazi yenyewe iko kwenye alumini. Kava za injini za Honda nyingi za miaka ya 1970 zilipakwa vanishi isiyo na rangi. Ikizeeka inakuwa ya manjano, unyevu unapenya na kuchora mistari myeupe kama njia za minyoo. Ukiweka Autosol, dawa ya kung'arishia metali, juu yake utasugua mpaka jioni bure. Vaa glovu, paka dawa ya kuondolea rangi, subiri dakika 15, kwangua kwa kijiti cha mbao. Kama umefungua kava, uwe na gasketi mpya, ile ya kuzibia maungio, na uso unaokaliwa na gasketi usiuguse kwa msasa: oili itavuja.

Sasa msasa wa maji, umezungushiwa kipande cha kandambili kuukuu ili vidole visichimbe mabonde. Penye mikwaruzo mirefu anza na 400, halafu 600, 800, 1000, 1500 na 2000. Kila namba sugua kwa kukingama mistari ya namba iliyotangulia. Mistari ya zamani ikionekana bado, hujamaliza. Wengi huruka namba, na kava inayopendeza kivulini ikitoka juani ina mawingu.

Autosol kiasi cha punje ya karanga inatosha eneo la kiganja. Fulana ya pamba itakuwa nyeusi tii, ndivyo inavyotakiwa. Weusi uliojificha kwenye kona unanyonywa na unga wa ngano mkavu.

Magadi na maji ya betri wanavyotumia wenye haraka vinababua alumini, na weusi wake hautoki kwa kitambaa. Brashi ya waya nayo inaacha chembe za chuma zinazoota kutu.

Maliza kwa nta nyembamba, isipokuwa kwenye eksozi, maana itaungua na kuacha madoa. Wakati wa masika rudia kila wiki mbili, na pikipiki iliyolowa usiifunike turubai kabla haijakauka.