Jinsi ya kwenda kuona michoro ya Kolo, Kondoa, na kurudi na picha zinazoonekana

Juzi nilimsindikiza mwalimu mmoja wa historia na binti yake hadi Kolo, kuona michoro ya kale iliyochorwa kwenye miamba. Walirudi Dodoma wamefurahi, lakini kwenye simu zao kulikuwa na picha arobaini za mawe matupu. Mimi pia yalinikuta safari yangu ya kwanza, kwa hiyo naandika ili yasimkute mwingine.

1. Fika Kolo

Barabara ya Dodoma hadi Babati ni lami tupu. Kolo ipo mbele ya Kondoa mjini, kilomita ishirini na kitu ukielekea Babati. Lala Kondoa, amka mapema.

2. Anzia ofisini

Ofisi ya mambo ya kale ipo palepale kijijini. Lipa kiingilio, dai stakabadhi, upewe mwongozaji. Kuna watu hujiona wajanja, wakamkodi kijana wa bodaboda eti anaijua njia. Njia anaijua, ndiyo. Mwamba gani una twiga na upi una madoa ya kutu tu, hilo hatakwambia.

Wengi pia hutaka kuona kila kitu kwa siku moja. Eneo lililoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006 lina kilomita za mraba 2,336, na mapango yenye michoro yanakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Hutayamaliza. Ushauri wangu: siku ya kwanza iwe ya Mungomi wa Kolo peke yake, mapango yake matatu basi. Pahi na Thawi, vijiji vingine vyenye michoro, vina siku yake.

3. Panda

Kutoka kijijini ni kama kilomita tisa za njia mbovu, halafu mguu wako na mlima. Wakati wa mvua usithubutu kwenda na gari dogo, tafuta foo-wili. Mchanga utakaoukuta makorongoni ni udongo ulioporomoka kutoka vilimani: Kondoa iliwahi kumomonyoka vibaya hadi mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ukaanzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye maeneo yaliyoharibika. Wazee wa huku bado wanalisimulia hilo.

Tochi iache. Tunasema mapango, lakini mengi ni majabali yaliyoinama yakaacha kivuli chini yake, kama baraza la nyumba. Watu waliishi humo hasa: kwenye pango moja la Kisese, uchimbaji wa mwaka 1956 ulitoa shanga za maganda ya mayai ya mbuni.

4. Salimia mahali

Mungomi ni mahali pa tambiko kwa Warangi mpaka leo, pa kuombea mvua na uponyaji. Ukikuta dalili za pombe ya mtama au sadaka nyingine, usiguse, usihamishe ili picha ipendeze. Mashimo utakayoyaona chini yana aibu yake: ni kazi ya watu waliotafuta dhahabu wanayoamini Mjerumani aliificha.

5. Piga picha

Hapa ndipo penye kazi.

Michoro mingi ni myekundu, ya rangi ya udongo wa chuma, na mwamba wenyewe una wekundu. Jicho hutofautisha, kamera ya simu haiwezi. Myeupe ni rahisi zaidi: ni ya baadaye, minene, mara nyingi imepakwa juu ya ile myekundu, na inahusishwa na wakulima waliokuja nyuma ya wawindaji.

Kwanza, jua. Likipiga nusu ya mwamba, picha umeipoteza. Ngoja uso wote uingie kivulini, au mtu ashike kanga kuzuia mwanga. Nilikaa kwa muda wa saa tatu nikisubiri kivuli kwa sababu sikumuuliza mwongozaji kabla ya kupanda. Muulize: jabali hili hupata jua saa ngapi?

Mwanga wa kamera (flashi) uzime. Na maji usimwage kabisa. Wageni wa zamani walilowesha mwamba ili rangi ing'ae. Chumvi inayobaki maji yakikauka huufunika mchoro kwa utando mweupe. Mtu akikupa ushauri huo, hata awe na kamera ya bei ya gari, mkatalie.

Simama sambamba na mwamba. Piga picha ya mbali, ya kati, kisha ya karibu, la sivyo ukifika nyumbani hutajua mguu huu ni wa mnyama yupi. Kama simu yako ina RAW, yaani picha ghafi isiyobanwa wala kurembwa na simu, tumia hiyo.

Nyumbani fungua DStretch, programu ya Jon Harman inayotanua tofauti za rangi ambazo jicho halizioni. Programu nyingine za kurembesha picha sizitaki hapa. Zinaongeza ukali tu. Kwa wekundu anza na YRE au LRE, mipangilio ya rangi iliyomo ndani yake.

Sasa kosa langu. Picha za kwanza nilitumiwa na rafiki kwa WhatsApp. Nikakesha nikigeuza mipangilio, na kila mara yakatokea vijiraba vya rangi kama kigae cha bafuni, vingine nikadhani ni michoro! WhatsApp ilikuwa imezibana picha, na DStretch ikazikuza alama za kubanwa. Tuma kama faili, si kama picha, au hamisha kwa waya.

6. Tazama tena

Kwenye picha zako za Mungomi tafuta watu watano wembamba waliochorwa, wa katikati ameshikwa mikono kulia na kushoto. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale aliyenakili michoro ya huku mwaka 1951, aliona mwanamke anatekwa. Wengine wanaona ngoma ya uganga kama ile ya Wasandawe. Binti wa mwalimu aliona watu wanavuka mto. Mwongozaji alicheka, lakini hakumkatalia.

Picha ya asili usiifute, na ile ya DStretch iandike kwenye jina la faili kwamba imebadilishwa rangi.