Mwasho wa manena: namna ya kuutibu bila kuulea

Nauza dawa Malindi. Kaskazi ikipiga, mtu atokwa jasho hata akiwa amelala, wapo wateja ambao husubiri duka liwe tupu ndipo wainame kaunta na kunong'ona. Hawa wa kiume huwaelekeza hivi.

Hatua ya 1: Tazama

Kioo na mwanga. Fangasi ya manena hukaa kwenye mkunjo wa paja: baka lenye ukingo mwekundu uliotuna, na magamba, huku katikati pamepoa. Korodani mara nyingi husalimika. Vipele vinavyowasha zaidi usiku, na mkeo naye ajikuna, huenda ni upele wa kuambukizana (skabi). Huo hutibiwa nyumba nzima kwa pamoja. Ukiona kidonda, hata kisichouma (kaswende huanza hivyo), usininunulie kitu. Nenda kapimwe.

Hatua ya 2: Dawa

Krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1, ambayo huua fangasi, asubuhi na jioni, upake mpaka sentimita 2 nje ya ukingo. Ngozi ikirudi sawa, ongeza wiki moja au mbili.

Sasa lile lililonitesa. Nahodha mmoja alikuja na tyubu ya mseto, dawa tatu ndani ya krimu moja, aliyouziwa kwingine. "Nikipaka yapungua, nikiacha yarudi na nduguze." Miezi minane! Ule ukingo ulikuwa umefutika, nami nikadhani ni ukurutu, nikampa krimu nyingine ya steroidi, dawa ya kutuliza wekundu na mwasho. Kosa langu. Wiki tatu baadaye baka limefika tumboni. Ndipo nikampeleka maabara, wakakwangua magamba na kuyatazama kwa darubini: fangasi tele.

Mseto ule una betamethasoni, nayo ni steroidi. Hiyo haiui fangasi. Humziba mdomo anayepiga kelele za mwizi, na mwizi aendelea kubeba vyombo. Ngozi ya manena ni laini, dawa yapenya upesi, kisha ngozi hukonda na kubaki na michirizi isiyofutika. Kwa hiyo soma boksi. Ukiona betamethasoni au klobetasoli, rudisha, hata kama muuzaji akuapia ndiyo kali kuliko zote. Ukali wenyewe ndio balaa.

Ukiiacha krimu ya steroidi baada ya kuizoea, mwasho hupanda kwa siku kadhaa. Hapo wengi hudai dawa mpya yawaunguza, wakarudi kwa mseto. Vumilia. Baka likiwa limetapakaa kama la nahodha, krimu haitoshi. Daktari huandika vidonge, naye ndiye wa kuviandika, si mimi wala jirani yako.

Ndimu, chumvi na dawa ya kufulia? Hapana.

Hatua ya 3: Miguu

Chungulia katikati ya vidole. Fangasi ya huko hupanda na chupi inapovaliwa. Tibu zote mbili, na uvae soksi kabla ya chupi.

Hatua ya 4: Ukavu

Ukitoka baharini vua nguo iliyolowa. Taulo lako peke yako. Usiku, kikoi tu.

Ikirudi tena na tena, pima sukari.