SOMO: Rimu za kubadilisha kwenye gari dogo, zipi zinaingia na zipi zinadanganya

Wakuu, swali ni lile lile kila mara: "Nimepata rimu za 15, zina matundu manne kama zangu, zitaingia?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namrudisha hapa.

1. Soma ubavu wa tairi ulilonalo na kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Tuseme ni 175/65R14 82T. Andika pembeni.

2. Pima PCD, yaani kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu ya nati. Kwa matundu manne, pima katikati ya tundu hadi katikati ya lile linalolitazama. Toyota Vitz na Honda Fit ni 4x100, Peugeot 206 ni 4x108, Fiat ndogo nyingi ni 4x98. Tofauti ya 98 na 100 jicho haliioni, na nati itakubali kuingia ukiilazimisha. Usiilazimishe. Stadi (ile boliti ya habu inayoingia nati) iliyokaa kwa kuvutwa upande inachoka taratibu hadi inakatika.

3. Tundu la kati. Hapa ndipo pesa za watu zinapotelea, kwa hiyo msiruke.

Habu, yaani kitovu cha gari ambacho rimu hufungwa juu yake, ina kishingo kinachoingia kwenye tundu la katikati ya rimu, na kishingo hicho ndicho kinachoiweka rimu katikati. Vitz ni milimita 54.1, Fit 56.1, Volkswagen 57.1, Renault nyingi 60.1. Rimu zisizo za kiwandani kwa gari lako huwa na tundu kubwa makusudi, mara nyingi 67.1 au 73.1, ili ziuzike kwa magari mengi. Tundu likiwa dogo kuliko habu, rimu haiingii na yameisha. Likiwa kubwa inaingia vizuri kabisa, na balaa linaanzia hapo: gurudumu linategemea nati peke yake, na likihama hata kidogo tu usukani unaanza kutetemeka ukikaribia 80 au 100 kwa saa. Unaenda kubalansi, mashine inasema sifuri. Unarudi tena, sifuri. Mashine haikosei, kwa sababu kule gurudumu linashikwa na koni kupitia tundu la kati. Kasoro iko kwenye gari. Mtu asiyejua hili atabadilisha shokapu, atabadilisha tairodi, na mtetemo uko pale pale.

Dawa ni ringi ya habu: ndani 54.1, nje 67.1, kwa mfano. ONYO: pima kwa venia (kipimo chenye taya za kubana), usipime kwa rula. Usizungushie utepe wala kipande cha kopo, vinaporomoka. Ringi za plastiki zinatosha kwa matumizi ya kawaida, ila breki ikipata joto kali zinalainika. Za alumini zinavumilia lakini zinagandia kwenye habu, zipake grisi kidogo sana. Na kabla ya yote piga brashi ya waya kwenye uso wa habu. Gamba moja la kutu likibaki nyuma ya rimu unapata mtetemo ule ule, kisha lawama zinaiangukia ringi.

4. Ofseti, ile namba yenye ET. Ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaogusa habu. ET ikishuka, gurudumu linatoka nje. Tuseme una 5.5J ET45 na unataka 6.5J ET38; namba yenye J ni upana wa rimu kwa inchi. Upana umeongezeka inchi moja, yaani milimita 12.7 kila upande. ET imeshuka 7. Nje unatoka 12.7 + 7, karibu milimita 20. Ndani unaingia 12.7 − 7, karibu 6. Sasa chuchumaa, uangalie kama una nafasi hiyo kwenye madigadi na kwenye shokapu, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho.

5. Kimo cha tairi, yaani kipenyo chake chote, kisipishane na cha zamani kwa zaidi ya asilimia 3. 175/65R14 ni milimita 583. 185/55R15 ni 584 na nusu, 195/45R16 ni 582. Namba ya mzigo isishuke chini ya ile uliyoandika: 82 ni kilo 475 kwa tairi moja.

6. Nati. Toyota na Honda ni M12x1.5, Nissan na Suzuki M12x1.25 (unene wa stadi na nafasi ya nyuzi zake, kwa milimita). Angalia pia kikalio, sehemu ya nati inayokaa kwenye rimu: koni, mviringo kama mpira, au bapa yenye washa. Honda za kiwandani ni mviringo, rimu nyingi za kununua ni koni. Ukichanganya, nati inagusa ukingo tu na italegea.

7. Kaza kwa mtindo wa nyota, kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), kipimo cha kitabu cha gari. Rudia baada ya kilomita 100 hivi.

---

Mdau: Sijasoma yote mkuu, yangu ina matundu manne na rimu zina manne. Nichukue?

Jibu: Hatua ya 2 na ya 3.

Mdau: Mnapenda kukuza mambo. Fundi wangu kafunga bila kupima na gari linatembea.

Jibu: Hata lenye nati mbili kwa gurudumu linatembea. Mwambie akuonyeshe ET na tundu la kati, kisha turudi kuongea.

Mdau: Shikamoo mwalimu. Rimu zangu hazijaandikwa ET popote. Inawezekana kuipima?

Jibu: Marahaba, swali zuri. Ilaze rimu bila tairi, uso wa nje chini. Weka ubao ulionyooka juu ya ukingo wa nyuma, kisha pima kutoka ubaoni hadi uso unaogusa habu. Tuseme umepata 130. Pima upana wote, ukingo hadi ukingo kwa nje. Rimu ya 6J huja karibu 178. Gawa kwa mbili, ni 89. 130 toa 89, ET yako ni 41. Ila kabla ya kununua tafuta namba hizo kwa ndani pia, nyuma ya spoki. Mara nyingi zimejificha chini ya vumbi la breki.

Mdau: Na nikitaka kushuka, 15 kwenda 14?

Jibu: Inawezekana kama kalipa ya breki inapita. Ijaribu rimu tupu, ikaze nati mbili, izungushe kwa mkono. Ikigusa popote, hata kidogo, acha.

Mdau: Spea yangu ni ya chuma ya zamani. Naiacha tu?

Jibu: Iache, lakini weka nati zake za kiwandani butini pamoja na jeki. Nati za rimu mpya huenda zisikae kwenye chuma, na hilo si jambo la kugundua usiku kando ya barabara.