Bunduki ya kwanza ya kulinda nyumba Marekani: hatua kwa hatua kwa sisi wenye grini kadi

Nimeandika hii maana nimechoka kurudia yale yale kwenye simu. Shemeji yangu kahamia Texas, kapanga nyumba nje kidogo ya Houston, ukipiga 911 kule gari la polisi linachukua muda wake kufika, akaamua anataka bunduki ndefu ya kukaa nyumbani. Nimemsindikiza mwanzo mpaka mwisho, na kabla yake nilishawasindikiza wengine. Kitu kimoja kinajirudia kwa wote, watu wanakesha wakibishana bunduki gani kali na wakifika dukani wanakwama kwenye fomu ya serikali ya kununulia bunduki. Kwa hiyo kwenye fomu nitakaa sana, mnivumilie.

Naongelea Texas ninakoishi. Sheria za shirikisho ni za nchi nzima ila kila jimbo lina za kwake juu yake.

Hatua ya 1: Je, unaruhusiwa?

Grini kadi ndiyo, unaruhusiwa, hata kama umeingia kwa bahati nasibu juzi tu, mradi uwe mkazi wa jimbo mojawapo huku. Viza ya mwanafunzi, ya kazi au ya utalii, hapana. Kuna watu watakwambia kata leseni ya kuwinda ndo inafungua mlango, kweli huo msamaha upo kwenye sheria, lakini mimi kwa mtu ambaye makaratasi yake bado hayajatulia nasema subiri, usiende kujaribu sheria za uhamiaji kwa ajili ya bunduki.

Waliowahi kuhukumiwa kwa kosa lenye kifungo kinachoweza kuzidi mwaka mmoja, hapana. Kesi ya kumpiga mke au mume, hata ile ndogo ambayo ulilipa faini ukaenda zako, hukumu yake inakufungia. Amri ya mahakama ya kukaa mbali na mwenzi wako, nayo inakufungia. Na bangi! Hata kama jimbo lako wanaiuza dukani kama soda, sheria ya shirikisho haijali hilo, fomu yenyewe ina onyo limeandikwa kabisa. Ukiwa mvutaji ishia hapa.

Umri ni miaka 18 kwa bunduki ndefu kwenye sheria ya shirikisho, ila majimbo kadhaa kama Florida na California wanataka 21. Illinois unahitaji kwanza kadi ya FOID, yaani kibali cha kumiliki bunduki, kutoka polisi wa jimbo.

Hatua ya 2: Chagua aina

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Chukua AR-15 ya kawaida, mtutu wa inchi 16, risasi za 5.56, kutoka kampuni kubwa. Smith & Wesson M&P15 Sport au Ruger AR-556, yoyote utakayoikuta, basi, kwa kawaida ni kati ya dola 600 na 900. Nyepesi, kama kilo 3 hivi, haipigi bega, kitako kinasogezwa mbele na nyuma kwa hiyo wewe mrefu na mkeo mfupi mnatumia hiyo hiyo, na vipuri vyake viko kila kona. Hizo herufi AR ni za kampuni ya ArmaLite iliyoitengeneza miaka ya 1950, maana kuna mjomba mmoja kila sherehe anawaeleza watu kwamba maana yake ni "asolti raifo", yaani bunduki ya vita ya kumimina risasi mfululizo. Ya dukani inatoa risasi moja kwa kila ukivuta triga.

Najua wengi mnataka AK. Tumeizoea, waliopita JKT kule Tanzania wanaijua kwa jina la SMG na wanaweza kuifungua na kuifunga wamefumba macho. Lakini huku AK nzuri ni ghali kuliko AR nzuri, ya bei rahisi ni kamari, na tangu 2021 Marekani walipozuia vibali vipya vya kuingiza risasi za Urusi, ule urahisi wa risasi za 7.62 umepungua sana. Kama unaitaka kwa mapenzi nunua, ila usiniambie ni kwa ajili ya bajeti.

Shotigani? Inapiga bega vibaya, watu wanainunua kwa sababu ya sinema, wanapiga mara mbili uwanjani halafu haiguswi tena. Kama tayari una bastola ya milimita 9 na unataka risasi za aina moja, Ruger PC Carbine ni chaguo la heshima, tena inakubali magazini za Glock. Ndogo ya .22 kama Ruger 10/22 ni ya kujifunzia na risasi zake rahisi, kwa kulinda nyumba siipendekezi kama una uwezo wa kupata nyingine.

Mtutu wa raifo usishuke chini ya inchi 16. Chini ya hapo ni bunduki ya kusajiliwa ATF, shirika la shirikisho linalosimamia silaha, kwa sheria ya mwaka 1934, na ukiwa nayo bila usajili ni jela. Ndo maana pia usikubali mtu akuuzie mtutu mfupi mtandaoni eti "utaufunga mwenyewe".

Mlioko California, New York, New Jersey, Connecticut, Massachusetts, Maryland, Delaware, Illinois au Washington, AR ya kawaida imepigwa marufuku au imebanwa sana. Huko tafuta ile ya kukoki kwa mkono kama ya makauboi, ya risasi za .357, msicheke, inafanya kazi vizuri, na muulize muuza duka wa hapo hapo maana mpaka kaunti zina sheria zake.

Ukishachagua soma maandishi kwenye mtutu. Kama imeandikwa .223 peke yake usitie 5.56, presha yake ni kubwa zaidi. Ikiandikwa 5.56 unatia zote mbili.

Hatua ya 3: Fomu 4473

Sasa hapa. Chukua chai.

Ukinunua kwenye duka lenye leseni unajaza fomu ya ATF namba 4473, halafu duka linawauliza FBI kwenye mfumo wao wa NICS, ulioanza 1998, kama wewe ni safi. Majibu ni matatu: endelea, subiri, au umekataliwa. Kwa mzaliwa wa huku mwenye jina la kwake peke yake ni dakika chache. Kwa sisi akina Juma na Hassan na Mohamed, hesabu kwamba unaweza kupata "subiri", na mara nyingi maana yake ni kwamba kuna mtu mwingine huko ana jina linalofanana na lako na tarehe ya kuzaliwa ya karibu.

Kwanza anwani. Kitambulisho lazima kiwe cha serikali, chenye picha, jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani unayokaa SASA HIVI. Shemeji leseni yake ya udereva ilikuwa na anwani ya apatimenti ya zamani, jamaa wa dukani akamrudisha hapo hapo, na alikuwa sahihi. Kama umehama, badilisha leseni kwanza, au beba karatasi nyingine ya serikali yenye anwani mpya, kadi ya usajili wa gari inafaa. Bili ya umeme ya kampuni binafsi haikubaliki, mkataba wa pango haukubaliki, sanduku la posta usijaribu hata kuandika. Pasipoti ya Tanzania au Kenya peke yake haisaidii, haina anwani.

Pili jina. Andika kama lilivyo kwenye leseni, usianze kupanga upya majina ya baba na babu. Kuna mahali pa jina la kati, kama huna andika NMN kama maelezo ya fomu yanavyosema, usiache wazi. Na kama leseni ina majina matatu na grini kadi ina mawili (hii kwetu ni ugonjwa wa kitaifa, jina la babu linakuja na kuondoka), mimi nasema nenda karekebishe kwanza kabla hujagusa bunduki.

Tatu, na hii ndiyo iliyonifanya nikae kuandika yote haya: URAIA. Fomu inauliza wewe ni raia wa nchi gani, kuna kisanduku cha Marekani na kisanduku cha nchi nyingine. Nimemkuta mtu, namfahamu, kaka mstaarabu ana miaka huku, kalamu iko juu ya kisanduku cha Marekani, eti "si ninakaa hapa, nalipa kodi". Nilimshika mkono. Ukiwa na grini kadi wewe SI raia. Kutia alama pale ni kujidai uraia wa uongo, na hilo kwa sheria za uhamiaji ni moja ya makosa mabaya kabisa, linaweza kukurudisha nyumbani na kukufungia mlango wa uraia, na kusema sikuelewa swali hakutakusaidia sana. Muuza duka hatakustua, yeye anaangalia fomu imejaa. Weka nchi nyingine, andika Tanzania au Kenya au Kongo, na chini yake kuna sehemu ya namba yako ya uhamiaji. Ile namba ya tarakimu tisa kwenye grini kadi palipoandikwa USCIS#, ndiyo hiyo. Beba kadi yenyewe, usitegemee picha kwenye simu.

Halafu maswali ya ndiyo na hapana. Soma moja moja, lipo ambalo jibu sahihi ni "ndiyo" na mengine yote "hapana", watu wanateleza mkono wanatia hapana mstari mzima. Swali la kwanza linauliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Ukimnunulia binamu mwenye viza ya mwanafunzi, au rafiki kakupa hela umchukulie, hilo ni kosa la shirikisho, na tangu 2022 kumnunulia mtu asiyeruhusiwa kifungo chake kinafika miaka 15. Zawadi ya kweli kwa mtu anayeruhusiwa, kwa hela yako, ni kitu kingine. Lakini "nishikie tu kwa jina lako" ukisikia toka dukani.

Namba ya sosho sekyuriti siyo lazima. Mimi naiandika, maana inasaidia kukutenganisha na yule Hassan mwingine.

Ukipata "subiri" usigombane na mtu. Zikipita siku tatu za kazi bila jibu, sheria ya shirikisho inaliruhusu duka kukupa, ila hailazimishi, na maduka mengi makubwa hawatoi mpaka FBI waseme neno. Siku ya kuuliza yenyewe haihesabiwi, Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Chini ya miaka 21 inaweza kufika siku kumi za kazi. Fomu inaishi siku 30 tangu duka liwasiliane na NICS, zikipita unaanza upya.

Na kama kila ukinunua unasubirishwa, omba FBI namba ya UPIN. Unatuma maombi na alama za vidole, wakikuridhia wanakupa namba unayoandika kwenye fomu siku zote. Wengi wetu hatujui kama hii kitu ipo kabisa.

Hatua ya 4: Chukua bunduki

Lipa, chukua, weka kwenye buti.

Hatua ya 5: Vitu vya kuongeza

Tochi ya kufunga kwenye bunduki. Hii siyo urembo, usiku lazima ujue unamwelekezea nani, anaweza kuwa mwanao karudi amechelewa. Mkanda wa begani. Kioo cha kulengea chenye doti nyekundu, Holosun ya bei ya kati inatosha, Aimpoint kama mshahara ni mzuri. Basi, achana na vile vishikio na taa za leza, unaishia na kitu kizito kama jiko.

Risasi: za grein 55 (huo ni uzito wake) za kawaida kwa mazoezi, nunua nyingi. Kwa nyumbani chukua za kupasuka au za ncha laini. Na hapa kuna jambo watu hawalitaki kusikia. Nyumba za huku ukuta ni jipsamu, risasi yoyote yenye nguvu ya kumsimamisha mtu itapita. Hizi nyepesi za kasi mara nyingi zinavunjika au kuyumba mapema kuliko za bastola, lakini zinapita, kwa hiyo zunguka nyumba mchana, simama pale utakaposimama usiku, uangalie nyuma ya mlango kuna kitanda cha nani. Ukikaa apatimenti nyuma ya ukuta ni jirani.

Mpango wetu sisi ni kwamba hakuna mtu kuzunguka nyumba akimtafuta mwizi. Wote chumba kimoja, mlango umefungwa, mmoja anaongea na 911, mwingine anaangalia mlango. Polisi wakifika bunduki iwe chini na mikono ionekane. Mtu mweusi ameshika bunduki kwenye giza, polisi hawajui kama wewe ndiye mwenye nyumba.

Hatua ya 6: Sefu

Nunua sefu siku moja na bunduki, ile ya kufungua haraka kwa namba, ifungwe ukutani kwa boliti. Juu ya kabati hapana, chini ya kitanda hapana. Texas mtoto wa chini ya miaka 17 akiifikia bunduki yenye risasi uliyoiacha bila kuifungia ni kosa la jinai, na sisi nyumba zetu hazikosi wageni, watoto wa shangazi, mpwa aliyekuja kukaa wiki akakaa mwaka. Na kama kuna mtu ndani anapitia kipindi kigumu cha mawazo, itoe nyumbani kwa muda, zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki nchi hii ni watu kujiua wenyewe.

Yangu ina magazini imejaa, chemba tupu. Wapo watakaokubishia hilo, waache.

Hatua ya 7: Uwanjani

Darasa la siku moja la mwanzo kabla hujanunua mapambo yoyote. Hata wewe wa JKT, nenda, ulipiga risasi ngapi kule na ni miaka mingapi imepita? Vaa kinga ya masikio na macho. Kidole nje ya triga mpaka umeamua kupiga, mdomo wa mtutu usimwelekee mtu kamwe, kila bunduki ichukulie ina risasi, na ujue nyuma ya shabaha kuna nini. Rekebisha doti yako ilenge sawa kwenye yadi 50, halafu pigia yadi 7 uone inavyogonga chini kidogo ya unapolenga, kwa sababu kioo kiko juu ya mtutu, kama inchi mbili na nusu hivi. Mkeo au mumeo aje naye, afungue sefu mwenyewe, atie magazini mwenyewe, akoki mwenyewe, maana wewe ukiwa kazini usiku ni yeye atakayekuwa nyumbani.