Dawa zenye pacha wa kioo: wakati gani uache mchanganyiko, wakati gani utenganishe

Kama unatafuta dawa ya ugonjwa wa kuambukiza ambayo hata mtu asiye na hela ataimudu, usikimbilie kutenganisha pacha. Molekyuli nyingi za dawa zinakuja mbilimbili, zinafanana kama mkono wa kushoto na wa kulia, na ukizitengeneza kwa njia ya kawaida unapata nusu kwa nusu, huo ndo mchanganyiko wa rasemiki, na bei yake huwa chini kwa sababu hakuna hatua ya kuchambua.

Ila lazima umjue kila pacha. Tenga miligramu chache kwa kromatografia (unaipitisha dawa kwenye bomba lenye kitu kinachomchelewesha pacha mmoja kuliko mwenzake), afu mjaribu kila mmoja peke yake kwenye kimelea na kwenye seli za binadamu, na mchanganyiko wenyewe pia upime. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inashauri hivyo tangu 1992 na mimi naona wako sahihi kabisa. Angalia pia kama pacha mmoja anageuka kuwa mwenzake mwilini, maana dawa ya thalidomaidi hata ukimpa mtu pacha mmoja safi, damuni anazalisha mwenzake, sasa hapo umetenganisha nini?

Chukua prazikwanteli, dawa ya kichocho. Pacha anayeitwa R ndo anayeua minyoo, S yupo yupo tu na ndo mchungu zaidi, kidonge ni miligramu 600, likubwa, mtoto analitema hapo hapo mbele yako. Hata hivyo mchanganyiko huo umetibu mamilioni ya watu, kwa hiyo kwa mtu mzima uache tu.

Kwa mtoto mdogo tenganisha, lakini kwa kugandisha fuwele (chembe ngumu kama za chumvi), kromatografia kwa tani nzima itakula hela yote. Timu ya mkemia Matthew Todd kule Sydney, Australia, iliweka kazi yake wazi kwa kila mtu, na 2011 wakachapisha njia yenyewe: unakata kipande kimoja cha prazikwanteli ubaki na amini (kemikali yenye nitrojeni inayoshikana na asidi), unaichanganya na asidi iliyotokana na asidi ya tartariki, chumvi ya pacha mmoja inaganda mwingine anabaki kwenye maji maji, unachuja, unaitoa ile asidi, afu unarudishia kipande ulichokata. Yule aliyebaki usimmwage, tafuta namna ya kumgeuza tena awe mchanganyiko umrudishe mwanzo, la sivyo nusu ya malighafi inaenda na maji.

Na gharama piga kwa dozi, sio kwa kilo, kwa sababu pacha safi anaweza kuhitaji nusu tu ya uzito.